Nyumba ya Balozi Shangani na Historia ya Injili Kwetu

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kuitazama nyumba moja iliyoko ufukoni mwa Shangani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, ambayo tangu mwaka 1841 hadi 1874 ilikuwa makao ya balozi mdogo wa Uingereza katika milki ya Sultani wa Zanzibar. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye kuta nene na dari za boriti, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za wenye mali wa pwani katika karne ya 19. Ujenzi wake sio utakaotushughulisha. Tunataka kujua ni mambo gani yaliyotendeka ndani yake yaliyowagusa watu wa bara, na sisi tulio watumishi wa Kanisa katika nchi hii tunapaswa kuyasema namna gani tunapofundisha historia ya Injili kufika kwetu.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini makala inayoandikwa Mlowo, mji wa Wilaya ya Mbozi ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia, ijishughulishe na nyumba iliyo mbali kiasi hicho. Sababu ni tatu. Kwanza, misafara ya pembe na ya watumwa iliyotoka pande za Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ilielekea pwani, na wengi wa waliotekwa waliishia Unguja. Pili, miongoni mwa watu waliopita katika nyumba hiyo wapo waliokuja baadaye kuzikanyaga nyanda zetu. Tatu, mpaka wa Tunduma tunaouvuka kila siku ulitokana na mapatano ya mabalozi na mawaziri wa nchi za mbali. Kwa hiyo anayetaka kuielewa historia ya sharika za huku hana budi kuanzia pwani.

Asili ya nyumba na kazi yake

Waingereza hawakuwa wa kwanza kuweka balozi Unguja. Wamarekani walifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na balozi wao wa kwanza, Richard Waters wa mji wa Salem, alifika mwaka 1837. Balozi wa Uingereza, Kapteni Atkins Hamerton wa jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India, alifika mwaka 1841. Wafaransa nao walifanya mkataba wao mwaka 1844, na miji ya biashara ya Ujerumani, ukiwamo Hamburg, mwaka 1859. Hivyo katika muda mfupi bendera kadhaa za kigeni zikawa zinapepea juu ya paa za Unguja. Zilizozivuta ni karafuu, pembe za ndovu, sandarusi na ngozi.

Hamerton alikuwa na kazi mbili. Alipaswa kulinda biashara ya raia wa Kiingereza, ambao wengi wao walikuwa Wahindi, na alipaswa kumsukuma Sultani apunguze biashara ya watumwa. Kazi hizo mbili hazikupatana, kwa sababu baadhi ya wafanyabiashara aliowalinda walikuwa wenyewe na watumwa, au walikopesha fedha za kugharimia misafara ya bara. Mwaka 1845 alipata mkataba uliokataza watumwa kusafirishwa kutoka pwani ya Afrika kwenda Arabuni, nao ukaanza kutumika mwaka 1847. Lakini mkataba huo uliacha wazi biashara ndani ya milki ya Sultani mwenyewe. Jahazi lililotoka Kilwa likiwa na watu waliotekwa pande za Nyasa liliweza kutia nanga Unguja pasipo kuvunja sheria yoyote, na balozi aliweza kuliona.

Barua ya Krapf

Mwanzoni mwa Januari 1844 alifika Unguja Johann Ludwig Krapf, Mlutheri kutoka Württemberg, aliyesomea Basel na kutumwa na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza. Alikuwa ametoka Ethiopia, ambako mlango ulifungwa. Hamerton alimpokea, akampeleka mbele ya Sayyid Said, na Sultani, ingawa alikuwa Mwislamu, akampa Krapf barua kwa maliwali wake wa pwani, akimtaja kuwa mtu mwema mwenye nia ya kuwaleta watu kwa Mungu. Kwa barua hiyo Krapf alikwenda Mombasa. Mwezi Julai wa mwaka uleule mkewe Rosine na mtoto wao mchanga wakafariki, wakazikwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mwaka 1846 akajiunga naye Johannes Rebmann, ambaye naye alikuwa mtu wa Württemberg.

Twapenda kuwasimulia wanafunzi wetu habari za kaburi la Rosine, nasi twafanya vema. Lakini barua nayo ina habari yake. Mmisionari huyu wa kwanza wa Kiprotestanti katika pwani yetu aliingia kwa mkono wa balozi wa Kikristo na kwa hisani ya mtawala wa Kiislamu. Hakutumwa na serikali, wala hakuwa raia wa nchi ya balozi aliyemsaidia. Hata hivyo, machoni pa watu wa pwani alikuwa mtu wa nyumba ya balozi. Hilo halikuwa kosa lake, bali lilikuwa jambo alilolirithi kila mmisionari aliyemfuata. Sisi Walutheri hatuwezi kulisema hili kana kwamba lawahusu wengine tu. Chama cha misioni kilichoanzishwa Berlin mwaka 1886, ambacho mmisionari wake Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887, kilizaliwa miongoni mwa watu waliotaka koloni, Karl Peters akiwa mmoja wao.

Hati za uhuru

Balozi aliyefuata, Christopher Rigby, alifika mwaka 1858, baada ya Hamerton kufariki mwaka 1857. Rigby aliamua kwamba Mhindi aliye chini ya ulinzi wa Uingereza hana haki ya kumiliki mtu. Alianza kuwaita wenye watumwa, na watumwa wao wakaandikwa majina katika daftari la ubalozi na kupewa hati ya uhuru. Maelfu ya watu walipata uhuru kwa njia hiyo kabla ya Rigby kuondoka mwaka 1861.

Inatupasa kuliangalia jambo hili pande zote mbili. Kwa upande mmoja, hatuna haki ya kulidharau. Kwa mwanamke aliyetekwa utotoni akauzwa mara mbili au tatu njiani, karatasi ile ilikuwa na maana kubwa kuliko hotuba nyingi zilizotolewa Ulaya juu ya utu. Kwa upande mwingine, hati hiyo ilimfikia tu yule aliyekuwa mali ya Mhindi wa ulinzi wa Kiingereza. Jirani yake katika mtaa uleule, aliyekuwa mali ya Mwarabu au Mswahili, hakuandikwa. Uhuru wa mtu ulitegemea uraia wa bwana wake, na wala haukutokana na kuumbwa kwake kwa mfano wa Mungu. Tena, Rigby alipoondoka, msimamo wake ulilegezwa kwa muda, kwa kuwa wakubwa waliomtuma walikuwa na hesabu nyingine.

Mkataba uliofunga soko la watumwa Unguja ulitiwa sahihi na Sultani Barghash tarehe 5 Juni 1873, akiwa amekataa kwanza, kisha akasukumwa na balozi John Kirk kwa tishio la kuzingirwa kisiwa kwa manowari. Sikukuu ya Noeli ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana pale Mkunazini, mahali pa soko lenyewe. Hata hivyo utumwa wenyewe haukufutwa. Biashara ilihamia nchi kavu mpaka ilipopigwa marufuku huko nako mwaka 1876, na hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba iliondolewa mwaka 1897 tu. Mwalimu anayesema darasani kwamba utumwa uliisha mwaka 1873 anawaondolea wanafunzi wake miaka 24 ya mateso ya watu.

Mwili ulioletwa, na walioleta

Wakati Barghash anatia sahihi, David Livingstone alikuwa amekwisha kufa wiki tano zilizopita, tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Unguja hawakuwa na habari. Wenzake walitoa moyo wake wakauzika chini ya mti, naye Jacob Wainwright akasoma ibada ya maziko. Wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaanza safari ya kwenda pwani, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,500. Walioongoza ni Abdullah Susi na James Chuma. Walizunguka upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika, wakapanda Ufipa, wakafika Kwihara karibu na Tabora. Hapo afisa wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, aliwashauri wauzike mwili palepale. Wakakataa. Mbele ya safari wenyeji walipokataa maiti isipite katika nchi yao, waliufunga mwili kama mtumba wa nguo, na kuwapeleka watu wengine nyuma na mzigo wa uongo ili ionekane wameurudisha. Baadhi yao walikufa njiani. Mwezi Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na mwili ukavushwa hadi Unguja, ukawekwa katika nyumba ya Shangani. Kirk hakuwapo, na aliyekaimu ni Kapteni Prideaux.

Hapo ndipo jambo linalotuhusu zaidi lilipotendeka. Wachukuzi walilipwa ujira wao, wakaruhusiwa kwenda zao. Mwili ulipelekwa Uingereza kwa meli na kuzikwa London katika kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Kati ya wote waliobeba mzigo ule kwa miezi tisa, aliyesafiri nao ni Jacob Wainwright peke yake, kwa gharama ya chama cha misioni. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye katika mwaka huo, maziko yakiwa yamekwisha. Chama cha Kijiografia cha London kiliamuru zitengenezwe medali 60 kwa ajili ya wachukuzi, lakini wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Katika ukuta wa nyumba ya Shangani liliwekwa bamba la kumbukumbu. Linawataja Speke, Burton, Grant na Kirk kuwa waliishi humo kwa nyakati mbalimbali, na kueleza kwamba Livingstone naye aliishi humo, na mwili wake ulipumzishwa humo katika safari yake ndefu ya kurudi kwao. Yote hayo ni kweli. Lakini msomaji wa bamba hilo angeweza kudhani kwamba mwili ulijiendea wenyewe.

Na Chuma hakuwa mtu wa kupita tu. Alikuwa Myao aliyeokolewa utotoni mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861, huko Shire. Mwaka 1876 aliongoza msafara wa Askofu Edward Steere uliowapeleka watu walioachwa huru kwenda kuanza makao Masasi. Mwaka 1879 aliongoza msafara wa Joseph Thomson kutoka Dar es Salaam hadi kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na kutoka hapo wakavuka nyanda zilizo kati ya maziwa mawili, nchi ya Wanyiha, Wanyamwanga na Wamambwe, hadi Ziwa Tanganyika. Basi mtu aliyeuleta mwili mpaka mlango wa ubalozi alizipita nyanda zetu hizi kwa miguu yake, miaka 12 kabla Wamoravian hawajafika Rungwe. Alifariki Unguja mwaka 1882, na Susi mwaka 1891, akiwa amebatizwa mwaka 1886 kwa jina la David.

Makimbilio

Hapana budi kutaja na nyumba nyingine ya balozi katika mji uleule. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akatwaa jumba la kifalme pasipo ridhaa ya Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wameifanya Zanzibar nchi lindwa. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, manowari zao zililipiga jumba kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na watu takriban 500 wakauawa au kujeruhiwa. Khalid akakimbilia ubalozi wa Ujerumani. Waingereza waliweka askari nje, wamkamate akikanyaga ardhi ya Zanzibar. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya Kijerumani ilisogea mpaka kwenye ukuta wa ubalozi, akaingia humo pasipo kukanyaga ardhi hiyo, akapelekwa Dar es Salaam.

Mwanafunzi wa Agano la Kale atakumbuka miji ya makimbilio katika Yoshua 20. Lakini na tofauti aione. Miji ile iliwekwa kwa ajili ya kila mtu aliyeua pasipo kukusudia, awe Mwisraeli au mgeni, na wazee wa mji walipaswa kumsikiliza langoni. Ubalozi ulimpokea Khalid kwa sababu serikali yake iliona faida katika kumpokea. Waliomfia katika jumba hawakuwa na ukuta wa kukimbilia. Hata kinga yake haikudumu, kwani Waingereza walimkamata baadaye, wakamhamisha, na mwisho akafariki Mombasa mwaka 1927.

Kutoka Shangani hadi Tunduma

Habari hizi zinatufikia sisi kwa karibu zaidi. James Frederic Elton, aliyekuwa msaidizi wa Kirk Unguja na baadaye balozi mdogo Msumbiji, alifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1877, akaipa milima ya mashariki ya ziwa jina la Livingstone, akapita Usangu, na kufa Ugogo mwezi Desemba mwaka huo. Uwanda wa Kitulo uliitwa kwa jina lake kwa miaka mingi. Milima ile ilikuwa na wenyewe na majina yake kabla balozi hajaiona.

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mapatano ambayo kwayo Zanzibar iliachwa kwa Waingereza, na mstari ukachorwa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ilikuja kuupima. Ndugu Wanyamwanga wakajikuta wengine huku na wengine huko. Leo, malori yanayopita Mlowo mchana na usiku yanasimama Tunduma kwa ajili ya mstari huo, na mkristo wa Tunduma aliye na shangazi Nakonde anavuka mpaka kwenda kumzika. Mwaka 1891, mwaka mmoja baada ya mapatano, Wamoravian na misioni ya Berlin waliingia kaskazini mwa Nyasa wakagawana maeneo ya kazi. Mstari wa serikali na mstari wa misioni vilifuatana kwa karibu sana. Katika Mbozi Kanisa la Moravian ndilo kaka yetu mkubwa, na Walutheri twapaswa kuisoma historia hii pamoja nao.

Mafundisho kwa watumishi

Mtume Paulo katika 2 Wakorintho 5:20 anatuita wajumbe kwa ajili ya Kristo, na katika Waefeso 6:20 anajiita mjumbe aliyefungwa minyororo. Neno balozi si geni vijijini mwetu. Tunamjua balozi wa nyumba kumi, anayejua nani amelala njaa na nani amepokea mgeni. Balozi wa Shangani aliwajua watu kwa kadiri walivyohusiana na bendera yake. Mjumbe wa Kristo hana ruhusa ya kuuliza kwanza mtu huyu ni wa nani, ndipo amwandike.

Mafundisho ya Luther juu ya tawala mbili za Mungu yanatusaidia hapa, yakitumiwa kwa uangalifu. Hati ya Rigby na mkataba wa Kirk vilikuwa kazi ya mkono wa kushoto wa Mungu, unaozuia uovu kwa sheria na kwa nguvu. Tunashukuru kwa ajili yake, wala hatuuiti Injili. Na kwa sababu si Injili, Kanisa halikupaswa kuridhika pale mkono huo ulipokomea. Lilipaswa kuuliza habari za yule jirani asiyeandikwa. Swali hilo lingali nasi, kwa maana hata leo wapo wanaofika mlangoni mwa mchungaji wasio na karatasi ya aina yoyote, na wengine wamefikia mpakani.

Jambo la mwisho lahusu uandishi wa historia zetu. Tunaposoma kazi za wanafunzi juu ya kuanzishwa kwa sharika, mara nyingi twakuta jina la mmisionari, mwaka aliofika, na nyumba aliyoijenga. Mwinjilisti aliyemtangulia njiani, mkalimani aliyeitafuta lugha ya neno neema, mama aliyepika na kuuguza, wachukuzi waliobeba kengele kutoka ziwani, wote huitwa wenyeji. Hilo ni bamba la Shangani likiwekwa upya katika karatasi zetu, safari hii kwa mikono yetu wenyewe. Paulo hakuandika hivyo. Katika Warumi 16 anamtaja Fibi, aliyekuwa mhudumu wa kanisa la Kenkrea, anawataja Priska na Akila, anawataja watu kwa majina hadi sura yote ikajaa, na Tertio aliyeuandika waraka akapata nafasi ya kusalimu kwa jina lake.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila mwanafunzi anayekwenda mazoezi ya usharika apewe kazi ya kuwatafuta wazee wa usharika huo, na kuandika majina ya walioifanya kazi pasipo kutajwa, pamoja na ukoo wao, kijiji chao na kazi waliyoifanya, kisha nakala moja ibaki katika ofisi ya usharika karibu na daftari la ubatizo. Wazee hao wanazidi kupungua kila mwaka. Jiwe na chokaa vyaweza kungoja matengenezo, lakini mzee wa miaka 90 hangoji. Kazi hii na ianze katika muhula huu.